Tii za mbele na kiwanja kifupi: je, vinamdumaza mchezaji?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 43, naishi Tabata na kazi yangu iko Posta. Nilianza gofu mwaka juzi. Kila Jumamosi nacheza na wenzangu watatu, wote wamenizidi, na tunaanzia tii za nyuma, yaani sehemu za kupigia mpira wa kwanza zilizo mbali zaidi na shimo, kwa mashimo yote 18. Draiva yangu, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, ikikaa vizuri inafika yadi 195. Kadi yangu haijawahi kushuka chini ya mikwaju 118. Majuzi niliomba tuanzie tii nyekundu, zile za mbele, walau kwa mashimo 9 tu, wakacheka. Waliniambia hizo ni za akina mama na watoto, na kwamba nikizoea kiwanja kifupi nitadumaa. Ni kweli? Tena nina binti wa miaka 11 anayetaka kujifunza. Nimwanzishie wapi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Naona neno hilo la kudumaa ndilo lililokuuma, kwa hiyo nianze nalo. Nimefundisha gofu hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, na kabla ya hapo nilikuwa kedi, nikibeba mabegi ya watu. Niliowaona wakidumaa, karibu wote walidumaa kwa sababu moja: kila wiki walicheza kiwanja kirefu kuliko uwezo wao. Wewe umeanza kuishika njia hiyohiyo, na nafurahi umeuliza mapema.

Chukua shimo moja tu, pa nne (shimo la kumalizwa kwa mikwaju minne) ya yadi 410. Unapiga draiva, inakaa, yadi 195. Zimebaki 215, na hakuna fimbo begini mwako inayofika huko. Unatoa mbao namba 3, fimbo inayofuata draiva kwa kupiga mbali, unajikaza, unaukwangua mpira kwa juu, unabingirika yadi 120. Zimebaki 95. Sasa umeshakasirika, weji, fimbo ya masafa mafupi, inachimba ardhi kabla ya kuugusa mpira na unaangukia yadi 15 mbele ya grini, yale majani mafupi yenye shimo. Unachipu, yaani unaupaisha kidogo hadi kwenye grini, kisha unaputi, unaubingirisha kuelekea shimoni, mara mbili. Sita, na hiyo ni siku yako nzuri.

Nenda sasa tii ya mbele ya shimo hilohilo, tuseme yadi 310. Draiva ileile, yadi 195 zilezile. Zimebaki 115. Umesimama kwenye feawei, njia ya majani yaliyokatwa, na aironi (fimbo ya chuma) namba 8 mkononi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo una mambo ya kuamua. Bendera iko mbele ya grini au nyuma? Ile banka ya mchanga ya kulia inanihusu? Upepo unatoka wapi? Nikikosa, heri nikose upande gani? Maswali hayo ndiyo mchezo wenyewe. Kule nyuma ulikuwa unaulizwa jambo moja tu, kama una nguvu za kutosha, shimo baada ya shimo mpaka jioni.

Nikimpokea mchezaji wa kiwango chako, kwanza namwomba kedi wake aniandikie fimbo zilizotoka begini kwa mashimo 18. Karibu kila mara ni zilezile: draiva, mbao namba 3, weji moja na fimbo ya kuputi. Aironi za katikati, namba 6 hadi 9, zinarudi nyumbani safi. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa na aironi namba 7 yenye kibandiko cha bei mgongoni mwa kichwa chake. Miezi kumi na minne tangu ainunue, kibandiko kilikuwa hakijachubuka hata pembeni. Nilimpeleka tii za mbele kwa wiki sita. Siku moja aliniletea fimbo ile nione: kibandiko kimekwisha, na katikati ya uso wa chuma pameanza kung'aa, duara dogo kama shilingi. Nilimwambia aipige picha aitunze.

Kuhusu urefu unaokufaa, hesabu ipo. Wachezaji wa kulipwa wa Marekani hupiga draiva wastani wa yadi 300 hivi, na viwanja wanavyoshindania vingi viko kati ya yadi 7,200 na 7,600. Wewe ukicheza yadi 6,700 kwa draiva ya 195, basi ili wao wapate taabu unayoipata wewe wangehitaji kiwanja cha yadi 10,300. Hakuna aliyewahi kuwawekea mashindano kwenye kiwanja cha namna hiyo. Wewe unawekewa kila Jumamosi.

Mwaka 2011, PGA of America, chama cha walimu wa gofu wa huko, pamoja na USGA, chombo kinachosimamia mchezo huo Marekani, walianzisha kampeni ya kuwahimiza watu wasogee tii za mbele. Wazo lilitoka kwa Barney Adams, mtengenezaji wa fimbo. Mwongozo wao ni rahisi: anayepiga draiva yadi 200, mashimo yake 18 yawe na jumla ya yadi 5,200 hadi 5,400. Wa yadi 225 acheze 5,800 hadi 6,000, wa 250 acheze 6,200 hadi 6,400, na wa 175 acheze 4,400 hadi 4,600. Njia nyingine ya mkato ni kuchukua umbali wa aironi yako namba 5 na kuuzidisha mara 36. Ukiwa unaifikisha yadi 140, unapata 5,040. Kwa njia zote mbili wewe unaangukia kwenye yadi elfu tano na ushei. Ila uwe mkweli: hesabu wastani wa mipira kumi, usihesabu ule mmoja uliogonga ardhi kavu ukakimbia mpaka watu wakapiga makofi.

Kwa hapa kwetu naongeza jambo lisilokuwemo kwenye mwongozo huo. Masika ikiingia, kuanzia Machi hadi Mei, feawei zinalowa na mpira unazama pale ulipotua. Zile yadi 15 au 20 za kubingirika zinapotea. Draiva yako ya 195 inakuwa ya 175, na kwa mwongozo uleule kiwanja chako kinashuka hadi yadi 4,500 hivi. Anayeanzia tii zilezile Januari na Aprili anacheza viwanja viwili tofauti bila kujua, halafu Aprili anaanza kubadilisha mkono, anabadilisha miguu, ananunua draiva mpya, kumbe kilichobadilika ni udongo.

Sasa nije kwenye hoja ambayo wenzako wataitoa, maana ina uzito na sitaki uikwepe. Watakuambia gofu ni kupiga mbali. Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, alichambua mamilioni ya mikwaju ya wachezaji wa kulipwa, akaonyesha kuwa karibu theluthi mbili ya tofauti kati ya mchezaji bora na wa kawaida hutokana na mikwaju ya zaidi ya yadi 100. Sisi walimu wa zamani tulizoea kuhubiri kuwa mechi inashindwa kwenye grini kwa puti. Takwimu zake zilitusahihisha, na mimi nilibadilisha ufundishaji wangu. Lakini wengi husikia nusu hiyo tu, wakakimbilia draiva. Angalia mgawanyo wake kwa wale wachezaji bora kabisa: mikwaju ya draiva inachangia asilimia 28 hivi ya ubora wao, mikwaju ya kuelekea grini asilimia 40, mchezo wa pembeni mwa grini asilimia 17, na puti asilimia 15.

Jumlisha yale matatu ya mwisho upate 72. Hayo yote kiwanja kifupi kinakupa kwa wingi. Kwenye mashimo ya pa tatu unapiga mpira wa kuelekea grini kila shimo, tena ukiwa umeukalisha juu ya tii kwa utulivu. Ukikosa grini, unachipu. Ukichipu, unaachiwa puti ya futi nne, sita, nane. Puti ya futi 8 hata wachezaji wa kulipwa huiingiza mara moja kwa kila mbili, kwa hiyo wewe unahitaji kuikuta mara nyingi kabla haijakuzoea. Kule tii za nyuma, ukifika grini umeshapiga mara tano na unachotaka ni kumaliza tu. Nimewaona watu wakiuokota mpira futi sita kutoka shimoni kwa uchovu. Puti ile iliyookotwa ndiyo iliyokuwa somo lao la siku.

Kinachobaki nje ni draiva. Hapo wenzako wana haki: mchezaji asiyegusa draiva kwa mwaka mzima ataikuta imemwia ngeni. Kwa hiyo usiiache. Ifanyie kazi kwenye uwanja wa mazoezi, mipira 40 kwa wiki inatosha, na mara moja kwa mwezi cheza nao huko nyuma mashimo yote 18 ili moyo usiogope. Pia kiwanja kifupi kina mtego wake. Kama kila shimo ni yadi 100, utakuwa hodari wa weji moja na basi. Tafuta mashimo yanayotofautiana, la 80, la 115, la 150, la 175, na moja au mawili ya kupiga draiva.

Kuhusu tii nyekundu kuitwa za akina mama, hilo lazima likome kwenye viwanja vyetu, na nalisema kwa uchungu kwa sababu limewafukuza watu wengi kwenye mchezo huu. Rangi haina jinsia. Handikapu ni kipimo cha uwezo kinachoamua mikwaju ya nyongeza anayopewa mchezaji. Chini ya utaratibu wa handikapu wa dunia ulioanza mwaka 2020, tii zilezile zinaweza kupimwa ugumu wake kwa wanaume na kwa wanawake, kila kundi na namba zake. Ukisogea mbele, mikwaju ya nyongeza unayopewa siku hiyo inapungua. Ukirudi nyuma, inaongezeka. Kwa hiyo wewe unaweza kuanzia mbele, mwenzako wa handikapu 9 akaanzia nyuma, mkatembea feawei moja na kushindana kwa haki kabisa. Mwulize katibu wa gofu wa klabu yenu kama tii hizo zimepimwa kwa wanaume. Kama bado, mwombeni zipimwe. Tena tangu mwaka 2024 sheria za handikapu zinakubali hata kiwanja cha mashimo 18 chenye jumla ya yadi 1,500 tu, au mashimo 9 yenye yadi 750, ilmradi kimepimwa. Maana yake mashimo matupu ya pa tatu yanaweza kukupa handikapu inayotambuliwa. Waliotunga sheria wameshakubali kuwa hiyo ni gofu.

Na wazee wa mchezo huu waliikubali mapema zaidi. Mashindano ya kwanza ya Open, ubingwa wa wazi wa Uingereza, mwaka 1860, yalichezwa Prestwick, Scotland, kwenye kiwanja cha mashimo 12 kisichofika yadi 4,000. Walikizunguka mara tatu siku moja na Willie Park akashinda kwa mikwaju 174. Hata hayo mashimo 18 tunayoyaona kama amri yalitokea St Andrews mwaka 1764, walipounganisha mashimo yaliyokuwa mafupi mno, kutoka 22 yakawa 18. Hapa kwetu Morogoro, Moshi na Arusha Gymkhana watu wanacheza mashimo 9, wakitaka 18 wanazunguka mara mbili. Madina Iddi, ambaye jina lake linajulikana kwenye gofu ya wanawake Afrika Mashariki nzima, ni mchezaji wa Arusha Gymkhana.

Ukitaka kujua kuwa ufupi si urahisi, tazama shimo la 8 la Royal Troon, huko Scotland. Lina yadi 120 hivi. Weji tu. Grini yake ni nyembamba kiasi kwamba wameliita stempu ya posta, na banka zake zina kuta za kusimama wima. Kwenye Open ya mwaka 1950, Mjerumani Hermann Tissies, mchezaji wa ridhaa, alitumia mikwaju 15 hapo, akitoka banka hii na kuingia ile. Mwaka 1973 bingwa wa zamani Gene Sarazen, akiwa na miaka 71, aliupiga mpira mmoja ukaingia moja kwa moja. Shimo ni lilelile. Kijana mwenye misuli halimpi nafuu, na mzee aliyetulia halimzuii.

Sisi hapa pwani tuna jambo letu linalofanana na hilo: upepo. Ukicheza kiwanja cha Gymkhana cha Dar, pale mjini karibu na bahari, kusi ikivuma mchana wa Julai, shimo la yadi 120 linaweza kukudai fimbo mbili zaidi ya ile uliyoizoea. Kaskazi ikigeuka mwishoni mwa mwaka, shimo hilohilo linakudai usitumie nguvu. Draiva iliyopeperushwa inakuambia kidogo, kwa sababu makosa yake yana sababu kumi. Aironi namba 8 iliyopaa juu ya grini ikasukumwa yadi sita kushoto inakuambia jambo moja wazi, na wiki ijayo utalikumbuka.

Mimi mwenyewe sikujifunzia kwenye kiwanja. Tulikuwa makedi wanne, na nyuma ya ua palikuwa na mwembe na mchanga. Tulikuwa na aironi moja namba 7, shina lake limeungwa kwa mpira wa tairi ya baiskeli. Tulifukia kopo la maziwa ya unga, mdomo wake sawasawa na ardhi. Shimo letu refu kuliko yote lilikuwa hatua 60, fupi kuliko yote hatua 12, lakini hilo la hatua 12 lilipita juu ya mzizi wa mwembe ulionyanyuka kama mgongo wa ng'ombe, na ukiugonga, mpira unakurudia miguuni. Kwa fimbo hiyo moja nilijifunza kuupaisha mpira kwa kuufungua uso wake, na kuukalisha chini kwa kuuweka mpira karibu na mguu wa kulia. Jioni tulijua nani ameshinda kwa sauti tu: mpira ukiingia koponi uliita, nasi sote tulinyamaza kuusikiliza. Shimo rasmi la gofu lina upana wa milimita 108. Kopo letu lilikuwa jembamba zaidi, na siku nilipoputi kwa mara ya kwanza kwenye grini halisi niliona shimo limefunguka kama sufuria.

Sikuelezi haya kwa kusifia umaskini wetu. Ningepewa fimbo kumi na nne ningezipokea kwa mikono miwili. Nasema eneo lile dogo lilitufundisha mikono. Bingwa Seve Ballesteros alijifunzia ufukweni Pedreña, Hispania, na aironi namba 3 peke yake. Tiger Woods akiwa mtoto alilelewa na mwalimu wake kwenye kiwanja cha mashimo mafupi cha Heartwell, Long Beach. Hakuna aliyedumaa hapo.

Sasa maisha yako ya Dar. Unatoka Posta saa kumi, foleni unaijua. Jua letu linazama kati ya saa kumi na mbili na robo katikati ya mwaka na karibu saa moja kasoro dakika kumi mwezi Januari. Mashimo 18 yanakula saa nne na zaidi, ndiyo maana umebaki na Jumamosi peke yake. Mashimo 9 mafupi, watu wawili, yanaisha kwa saa moja na nusu. Ukiingia saa kumi na nusu, unamaliza bado unaona bendera. Hiyo ni Jumatano yako, ambayo leo unaipoteza. Mchezaji anayegusa mpira mara mbili kwa wiki kwa muda mfupi humpita anayegusa mara moja kwa muda mrefu, kwa sababu mikono husahau haraka. Na jua la jioni halikutafuni kama lile la saa saba mchana mwezi wa pili, ambapo nimewahi kumshika mtu mkono shimo la 14 asianguke. Bado beba maji.

Wenzako nao watanufaika na muda. Sheria za gofu zinashauri mchezaji asizidi sekunde 40 kwa kila mkwaju. Mkisogea mbele na kila mmoja akapunguza mikwaju 10, ni mikwaju 40 kwa kundi, karibu dakika 27, kabla hujahesabu kutafuta mipira kwenye majani marefu.

Fanya hivi kwa wiki nane. Jumatano, mashimo 9 kutoka tii nyekundu, ukiwa na fimbo tano tu: aironi namba 6, namba 8, weji mbili na fimbo ya kuputi. Draiva ibaki kwenye buti la gari. Kwa shimo refu, mwombe msimamizi wa tii ruhusa ya kuanzia kwenye nguzo ya yadi 150, na ukiona kundi nyuma yako lipishe mara moja. Usiwe wewe unayeziba njia. Kwenye kadi usiandike jumla peke yake. Andika grini ulizozipata kwa mkwaju wa kwanza, na mara ngapi ulichipu ukaingiza kwa puti moja. Namba hizo mbili zitaanza kusogea kabla ya jumla yako, na zitakupa moyo wakati kadi ya Jumamosi bado ni mbaya. Kuhusu kedi, msikilizane malipo kabla hamjapiga mpira wa kwanza. Mashimo 9 ni nusu ya kiwanja, lakini kwake jioni hiyo ni kibarua kizima, usimlipe nusu.

Jumamosi kaanzie tii zinazokufaa, wenzako waanzie zao. Wasipokubali, waombe jambo moja: mchezo mmoja wa mashimo 9, wote kutoka mbele. Nimewafanyia hivi wapiga mbali wengi. Draiva zao zinawaacha yadi 50 au 60 kutoka grini, umbali wa nusu weji ambao hawajawahi kuufanyia mazoezi, na wanashangaa kadi yao haijashuka kama walivyodhani. Wahenga walisema kila mtu hujikuna ajipatapo. Watakuelewa zaidi baada ya mashimo hayo 9 kuliko kwa maneno yangu yote.

Binti yako nimemwacha mwisho kwa sababu ndiye mwenye kazi nyepesi. Usimpeleke tii yoyote kwanza, hata nyekundu. Kuna utaratibu unaotumika Marekani ambao nimeuchukua na kuupenda: mtoto anaanzia yadi 25 kutoka shimoni na kucheza mashimo 9. Siku atakayomaliza kwa mikwaju 36 au pungufu, anarudi yadi 50, kisha 100, kisha 150. Kila mara anapanda kwa sababu ameweza, si kwa sababu amekua. Akifika kupiga yadi 90 kwa fimbo yake ndefu, zidisha kwa 25 kama makadirio yangu: yadi 2,250 kwa mashimo 18, nusu yake kwa 9. Fimbo zake ziwe za kimo chake. Usimkatie za kwako, kichwa kitamlemea na atajifunza kujipinda.

Na usingoje Jumamosi. Hapo Tabata, kama mna kauwanja ka hatua ishirini, mpe weji moja nyepesi na mipira mitatu laini ya mazoezi isiyovunja kioo cha jirani. Chimba shimo jioni hii. Kopo utalipata jikoni.